Safari Bila Mgonjwa

Jumapili. Ukungu umekaa mlimani tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga, na kwaya inasikika ikifanya mazoezi ya jioni kanisani kule bondeni, wanaimba vizuri kweli. Sandali zangu nimeziosha mara mbili na bado naziangalia pale mlangoni. Chai nimeipika, imepoa. Kulala nimejaribu, nimeshindwa. Basi naandika.

Shajara, leo nimeshtuka. Si ule mshtuko wa kuona nyoka ukaruka, ukamuua, ukacheka. Huu umekaa, hautoki.

Nianze mwanzo, maana shajara hii naiweka mtandaoni, na wengine mnaonisoma hamjui hata ninapofanyia kazi. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa Tunduma, Mnamwanga wa mpakani kabisa, nimekulia katikati ya foleni ya malori na akina mama wanaouza nyanya zaidi kwa Kibemba kuliko kwa Kiswahili. Sasa hivi niko kituo cha afya huku milima ya Ileje, kati ya Itumba na Isongole. Watu wa huku ni Wandali, wakulima, watu wa kanisa, wapole, hawapigi makelele. Makelele ninayo mimi. Mama aliposikia nimepangiwa huku alishika kiuno: "Iwe! Na huo mdomo wako, huko milimani watakuweza?"

Wameniweza. Leo wameniweza.

Kituo chetu kinahudumia vijiji kadhaa, ila viwili tu ndivyo vinavyonihusu leo, na majina yake siyaandiki. Nitaviita kama tunavyoviita wenyewe kazini: Juu na Barabarani. Barabarani kipo kando ya njia kuu, kina maduka, kina bodaboda, Noah za abiria zinapita. Juu kipo mgongoni mwa mlima, unapita msitu wa misonobari, njia nyembamba, mvua ikinyesha gari haliendi hata ulibembeleze.

Sasa, kuna mradi mmoja ulituletea bajaji ya wagonjwa. Ni pikipiki ya matairi matatu, nyuma ina kitanda chembamba, godoro la plastiki na turubai juu, na inapenya hata pale gari linaposhindwa. Moja tu. Tuliomba zaidi, tukaambiwa tushukuru. Na ikaja na mfumo wake, ndio uliotupendeza wote. Mgonjwa anapiga namba ya bure, dereva anapata ujumbe, anawasha, anakwenda. Kila simu inaingia kwenye mfumo, na kila msimu ukiisha mfumo wenyewe unasema bajaji ilale kijiji gani, kulingana na simu zilikotoka nyingi. Anayehitaji zaidi ndiye apewe.

Niliupenda, jamani. Msinicheke. Nimeona mengi kwenye kazi hii: dawa zinakwenda kwa anayejuana na mtu, gari la wagonjwa linabeba maharage ya mwenyekiti. Nikasema hatimaye kitu kisichojua shangazi wala mjomba. Mashine haina ndugu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema hivyo hivyo, watu wakapiga makofi.

Tulianza kwa kuiweka Juu kwa sababu ndiko mbali. Msimu ukapita. Juu kimya. Simu za kuhesabu kwa vidole, tena za wanaume waliokatwa na shoka au kuangukiwa na mti. Barabarani ndio usiseme, wanapiga mpaka laini inapata moto. Wengine wanapigia hata tumbo la jana. Lakini si wote waongo, na hapa lazima niwe mkweli: kuna mtoto wa fundi cherehani pale Barabarani aliletwa na ile bajaji ana degedege, macho yamegeuka, na leo anakimbia na tairi barabarani kama hakuna kilichotokea. Mama yake huyo mtoto akiniona bado analia.

Basi mfumo ukasema: Juu, uhitaji mdogo. Bajaji ihamie Barabarani. Watu wa mradi wanakuja kuichukua kesho, Jumatatu, baada ya kikao Itumba. Na mimi kwenye kikao kilichopita nilinyoosha mkono kukubali. Nikaongeza na maneno yangu, eti watu wa Juu hawajazoea kutumia huduma.

Hawajazoea!

Leo asubuhi namalizia zamu, nimeshavua aproni, nasikia mlango unasukumwa. Ameingia mama mtu mzima, miguu matope mpaka magotini, kifuani amekumbatia kitenge. Ndani ya kitenge kuna mtoto. Kitovu kimefungwa kwa uzi wa kushonea gunia. Nyuma yake anakuja binti ameshika ukuta, anatembea, jamani, anatembea, na kila alipokanyaga pamebaki alama.

Jina lake Tusekile. Alianza uchungu nyumbani Juu, wakaondoka kwa miguu, akajifungulia njiani kwenye misonobari, mama mkwe wake ndiye mkunga. Kondo la nyuma halijatoka. Damu inakuja. Akatembea hivyo hivyo mpaka kwetu.

Sitaandika tulichofanya. Tulifanya kila kitu. Kondo limetoka, damu imepungua, dripu inaingia, mtoto mzima, wa kike, mwenye sauti. Tusekile ameishiwa damu, midomo myeupe kama karatasi. Gari la wagonjwa lilikwenda na mgonjwa mwingine Vwawa tangu jana halijarudi. Daktari amesema kwa alivyotulia anaweza kungoja hadi kesho asubuhi, apelekwe hospitali Itumba akaongezewe. Amesema hivyo huku anamtazama, si kwa furaha.

Hali ilipotulia, mdomo wangu ukafunguka. Mnanijua. Nikamgeukia yule mama mkwe, amekaa kwenye benchi anajipangusa matope kwa jani, nikamwambia bajaji ipo kijijini kwenu, inalala kijijini kwenu, mnapita mbele yake, simu ni bure, mnataka nini zaidi? Mpaka mtu afe ndipo mpige?

Hakukasirika. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu asiyejua mila za nyumba aliyoingia. Akasema, "Sista, tungempakiaje? Dereva ni mkwe."

Mkwe wa nani?

"Wa kwake. Wa wote."

Nikakaa chini.

Huku kwa Wandali, mke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Nilikuwa nalijua kwa juu juu, kama unavyojua habari za watu. Akimwona anakuja anaacha njia, anaingia majanini, anachutama, anajifunika kitenge mpaka mzee apite. Hasemi naye. Jina lake halitaji. Na mzee naye akimwona anageuka, anatazama pembeni, hiyo ndiyo heshima yake kwa mkwewe. Si chuki, wala si woga tu. Ni adabu, na wanaishika kama sisi wengine tunavyoshika Ubatizo. Sisi wa Tunduma tumeshaharibika zamani, mkwe unapanda naye Noah moja mmebanana magoti na anakuomba chenji.

Na baba mkwe si mmoja. Ndugu zake wote wa kiume ni baba mkwe.

Dereva wetu ni Mzee Swila. Mtu mzima, hanywi, mzee wa kanisa, fundi wa pikipiki tangu ujana wake. Ni baba mdogo wa mume wa Tusekile. Na Juu, karibu kijiji kizima, ni ukoo mmoja. Mabinti zao wameolewa kwingine. Wanawake walioko pale ni wa kuja, wameolewa na watoto wa Mzee Swila, na watoto wa kaka zake, na wa wadogo zake. Yaani karibu kila mwanamke wa kuzaa pale Juu ni mkwe wa dereva wetu.

Tuliwawekea akina mama dereva wasiyeweza hata kumwangalia. Halafu tukakaa tunahesabu simu.

Na ule mkutano wa kumchagua nilikuwepo, naukumbuka vizuri. Wanaume walisema vijana hapana, watabebea pombe na wasichana. Walitaka mtu mzima asiyeiba mafuta. Mila waliijua, si yao? Ila siku ile mawazo yao yote yalikuwa kwa mwizi wa mafuta, hakuna aliyemuwaza mke aliye kwenye uchungu. Akasimama na Sekela, binti yake Mzee Swila mwenyewe, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Huyu anaendesha pikipiki ya baba yake kupeleka maharage Isongole, na leseni anayo, na hiyo leseni ndiyo inayowaudhi zaidi. Akasema mimi ninaweza. Watu wakacheka. Mwanamke abebe wagonjwa gizani? Kaa chini, mama. Akakaa.

Wanawake wengine walikuwa nyuma kabisa, wamejifunika. Tukawauliza, mnakubali? Kimya. Tukaandika wamekubali. Wangesemaje, na mzee yuko mbele pale? Kimya kingi kina mshindo mkuu, babu zetu walishasema, na mimi nilikaa katikati ya kimya kile nikadhani ni adabu ya mkutano.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Sasa mbona ilikuwa mchana?

Nikatoka nje kupata hewa. Hapo ndipo penyewe.

Getini imesimama bajaji ya wagonjwa. Turubai limefungwa vizuri, godoro kavu, safi, halijalaliwa. Na kando yake Mzee Swila, koti lake la mvua limelowa, ameyapa mgongo majengo ya kituo, anatazama ua wa michongoma kama mtu anayesoma tangazo.

Jamani nilipiga kelele. Mgonjwa wa dirisha la pili alichungulia. Nikamwambia mzee mzima, mzee wa kanisa, mbele za watu: mtu amezalia porini na wewe ndio kwanza unafika na godoro lako kavu, ulikuwa wapi?

Hakugeuka kwanza. Akauliza kwa sauti ndogo kama mkwewe yuko nje au ndani. Nikamwambia yuko ndani kitandani. Ndipo akageuka, akavua kofia.

"Nilikuwa nyuma yao, Sista."

Sikumwelewa. Akasema tena. Alikuwa anafungua mlango wa banda la bajaji asubuhi akawaona wanapita kwa mbali, akajua, kwa sababu mwanamke hashiki mgongo namna ile kwa kwenda kanisani. Akageuka, kama inavyopasa. Akangoja wapite. Halafu akawasha bajaji, akawafuata.

Njia nzima. Kwa mbali. Kuteremka mlima wote ule.

"Wakisimama, nasimama. Alipolala chini pale kwenye misonobari nikazima, nikatazama bonde. Nikasikia mtoto analia, nikamshukuru Mungu. Nikangoja tena. Wakaondoka, nikawasha."

Nimeandika hayo maneno kama alivyoyasema na nimeyasoma mara nyingi. Bado siamini. Bajaji ya wagonjwa, nzima, ina mafuta, ina godoro, inamfuata mgonjwa anayetoka damu, tupu, kwa hatua zake yeye mgonjwa. Kwa heshima.

Nikamuuliza kwa nini hakumwita tu. Akanitazama kwa huruma, yeye anionee huruma mimi. Akasema, "Ningemwita angekimbilia porini na damu ile. Mkwe ukimwita yuko vile umemvua nguo, Sista. Angeishije tena nyumba ile?"

Nikasema basi si ungempa mtu mwingine ufunguo, kijana yeyote, mtu yeyote!

"Ufunguo hautoki mkononi mwa dereva. Si mlisema wenyewe?"

Tulisema. Ni kanuni yetu ya kwanza. Tuliitunga ili bajaji isitumiwe ovyo, na niliona fahari tulipoitunga.

Simu ikaita. Bwana Fredi, mtaalamu wa mfumo, yule wa mradi, anapiga kutoka Itumba, Jumapili. Maana bajaji ina kifaa kinachoonyesha ilipo.

Fredi si mtu mbaya, niseme hilo. Anajua kazi yake na anatupenda. Akaniambia, "Sista Nambeye, mzee wako anazurura na bajaji bwana. Imetoka Juu mpaka hapo kwenu mwendo wa konokono, inasimama simama, na hakuna simu wala mgonjwa. Mfumo umeiweka safari bila mgonjwa. Na si mara ya kwanza. Ndiyo maana nasema kesho tukaichukue tu, inachezewa."

Safari bila mgonjwa.

Nilicheka. Kicheko kibaya, mpaka Mzee Swila akarudi nyuma hatua. Halafu nikamweleza Fredi yote, sijui kwa maneno gani, nikamwambia mgonjwa alikuwepo, Fredi, alikuwa mbele ya bajaji, mlitaka kifaa chenu kimwone wapi? Akasema hilo mfumo haulijui. Halafu akasema, hata mimi mwenyewe silijui. Lakini uamuzi umeshatoka, yeye peke yake hawezi kuuzuia. Kesho nije Itumba kwenye kikao, niseme mwenyewe. Ila nijiandae, maana watu wa Barabarani nao watakuwepo, na simu zao ni simu.

Na ni kweli, simu zao ni simu. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa tangu nimekaa hapa. Mimi si mtoto. Bajaji ni moja. Ikilala Juu, siku mtoto wa mtu atakapogeuza macho pale Barabarani itachelewa. Nikisimama kesho kusema ibaki Juu, nasimama mbele ya mama wa yule mtoto wa degedege. Nitamwambia nini? Kwamba mwanao ana bodaboda mlangoni na Noah zinapita, na mwenzako ana misonobari tu? Ni kweli, lakini jaribu kumwambia hivyo mama aliyemshika mtoto anatetemeka mikononi.

Ila pia nikakumbuka jambo moja la kijinga. Mama yangu alizaa mapacha baada yangu. Mmoja alikuwa analia usiku na mchana, mwingine kimya, kimya kabisa. Majirani wakasema mama umebahatika, huyu wa pili hasumbui. Mama akawa anamnyonyesha yule wa kimya kwanza. Alisema anayelia ana nguvu ya kulia. Sikuwahi kulifikiria tena neno lile mpaka leo, na sasa naona aibu kwamba mfumo mzima, na vikao, na sisi wenye vyeti, tulikuwa tunampa anayelia peke yake halafu tunaita haki.

Sitaki mniambie basi mitambo itupwe. Sisemi hivyo. Ule mfumo ndio uliomfikisha yule mtoto wa Barabarani akiwa hai. Nasema hatukuuliza anayenyamaza ananyamazia nini. Tungekwenda tukakaa na wale mama jikoni kwao, bila mwanaume, kikombe kimoja cha chai tu, wangetuambia. Hakuna aliyekwenda. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na nilikuwa nikiwafokea wakija kliniki.

Baada ya simu yule mama mkwe akatoka na mtoto, akamletea Mzee Swila pale getini. Huyu ni shemeji yake, wanaongea bila tabu. Na mjukuu hana mwiko na babu. Mzee akampokea, akamfunua uso, akasema, "Mke wangu, umechelewa, uji umepoa." Wakacheka wote wawili, wazee hawa waliochoka, na matope yao. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa bado nashikilia lile neno la Fredi.

Si mara ya kwanza.

Nikangoja mama amchukue mtoto na kuelekea ndani. Nikamuuliza Mzee Swila, pole pole sasa, Fredi anasema bajaji imeshateremka tupu siku nyingine. Ulikuwa unakwenda wapi?

Akamfuata mtoto kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Akavaa kofia yake.

"Nilikuwa nawasindikiza, Sista. Wote. Ungekuwa wewe ungebaki nyumbani?"

Wote.

Masika iliyopita, kulikuwa na mama mmoja wa Juu. Aliletwa amebebwa kwenye machela ya miti, mvua inapiga bati mpaka hatusikiani. Alipofika mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Siku ile nilimfokea mume wake. Nilimwambia nyie watu wa Juu ni wakaidi, bajaji mmewekewa mlangoni. Aliinamisha kichwa tu. Na katikati ya kufoka kwangu nilisikia injini nje, nikachungulia, nikaona Mzee Swila amekaa kwenye bajaji kwenye mvua, ametupa mgongo. Nikajisemea, huyu naye, amekuja kuomba mafuta.

Nikafunga dirisha.

Ndiyo sababu siwezi kulala, Shajara. Nilimwona. Kwa macho yangu haya nilimwona, na bajaji niliiona, na mgonjwa nilikuwa naye chumbani, na sikuunganisha. Mashine walau ina sababu, haina macho.

Yule mama yuko Juu, nasikia hajashika mimba tena. Nitakwenda kwake. Sijui nitamwambia nini, ila nitakwenda, na safari hii nitakaa jikoni na nitafunga mdomo.

Mchana huu Mzee Swila alirudi. Alikuja na Sekela, binti yake. Akaweka ufunguo wa bajaji mezani kwangu, ameufunga kwenye leso safi, akasema yeye basi. Sekela ni wifi yao wale wake wote, wifi hawamkimbii, watamwita hata usiku wa manane na watamtukana akichelewa. Akasema kijiji kiseme kitakavyosema. Wazee wengine wa Juu ameshaongea nao baada ya ibada, wapo walionuna, wapo walionyamaza. Nikamwambia safari hii kimya hatukihesabu kuwa ndiyo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza leo.

Sekela alichukua ufunguo, akatoka, akapiga magoti akakagua tairi moja moja, akapima mafuta, akafungua turubai na kulifunga upya kwa namna yake. Halafu akaingia wodini. Nikasikia Tusekile anamwambia kwa sauti ya mgonjwa, "Wifi, uniendeshe taratibu, nimeshonwa." Na Sekela akamjibu kwamba akilalamika sana atamshusha kwenye misonobari amalizie kwa miguu. Ndipo nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Kesho asubuhi tunaondoka, maana daktari hataki Tusekile atikiswe leo. Tusekile kitandani, mama mkwe na mtoto pembeni yake, mimi nitajibana miguuni na dripu mkononi, Sekela mbele. Tukimfikisha Tusekile hospitali tutakwenda na bajaji yetu hiyo hiyo mpaka kwenye kikao. Walitaka kuja kuichukua, wataikuta Itumba, na dereva wake mpya, na safari ambayo kwa mara ya kwanza mfumo utaandika mgonjwa wa kike kutoka Juu. Kama watatuachia, sijui. Mama wa yule mtoto wa degedege nitamtafuta kabla ya kikao, nimweleze yeye kwanza, uso kwa uso. Kama atanipiga kofi, sawa.

Nilimuuliza Mzee Swila kama atakuja kikaoni kutusaidia kusema. Akasema atakuja. Nikamwambia basi nafasi ni ndogo, ila tutajibana. Akanitazama tena kwa ile huruma yake, maana nimeshasahau tena, mimi na Utunduma wangu.

"Mkwe atakuwa ndani, Sista. Ninyi tangulieni. Mimi nitakuja nyuma kwa miguu."